MUNGU KAMPUNGUZIA MSAFIRI RAKAA, SISI TUMESHINDWA KUPUNGUZA SUFURIA?

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo haitoki kitabuni moja kwa moja, inatoka kwenye nyumba. Siku hizi familia nyingi zinakodi nyumba kando ya maji wakati wa likizo, ukoo mzima unakwenda, bibi, wajomba, mashangazi, wakwe na wajukuu. Wapo wanaoniuliza kama jambo hili ni halali. Wapo wasiouliza, wanatuma picha tu. Mimi nimekwenda na ukoo wangu, na nimerudi na somo ambalo sikulitoa mimi, nilipewa. Nitakueleza lilivyo, na aibu yangu imo ndani yake.

Sisi kwa mama yetu tuko hai sita. Mimi niko Shinyanga, dada yetu mkubwa yuko Kahama, wengine wako Mwanza na Geita mjini, na mdogo wetu mmoja ni mchimbaji, ana duara lake huko Nyarugusu. Kwa miaka mingi tulikuwa tunakutana wote kwa jambo moja tu, nalo ni msiba. Tulipomzika mjomba wetu, mama alituangalia tulivyokaa kwenye jamvi, akasema: "Naona mnajuana kwa mazishi tu. Basi na siku yangu mtakutana vizuri, ila mimi sitawaona."

Neno lile lilituchoma. Mdogo wetu wa Nyarugusu, duara lake lilipotoa, akatupigia simu kwamba amepata nyumba ya kukodi kando ya ziwa, upande wa Nungwe. Usichanganye, ndugu msomaji. Si Nungwi ya Unguja yenye mahoteli. Hii ni Nungwe ya Geita, kwenye Ziwa Victoria, ambako watu wanavua dagaa na sangara. Nyumba yenyewe ni ya kawaida kabisa: tofali za kuchoma, bati, vyumba vinne, viwili vina milango na viwili vina pazia. Umeme ni wa sola, wa taa na kuchaji simu. Choo kiko nje. Jiko la kuni liko kwenye banda nyuma ya nyumba. Mbele kuna miembe miwili, kisha mchanga, kisha maji. Tulikuwa watu 26, watoto wakiwemo.

Sisi wa Shinyanga tulipitia Mwanza. Zamani pale Kigongo unapanga foleni kungoja kivuko, jua linakuwakia. Tangu Juni 2025 unavuka juu ya daraja la JPM, kama kilomita 3 juu ya maji, dakika chache uko Busisi. Mama alikuwa anahesabu nguzo kama mtoto. Tukafika Ijumaa jioni, tukakubaliana kuondoka Jumanne asubuhi.

Sasa nisikilize kwenye swala, kwa sababu hapa ndipo somo lilipo.

Tuliotoka Shinyanga, Kahama na Mwanza tulikuwa wasafiri. Wanazuoni wengi wamekadiria masafa ya kupunguza swala kuwa kilomita 80 na kidogo, na katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, msafiri akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, rukhsa inakatika. Siku zetu kamili zilikuwa tatu. Kwa hiyo tulipunguza: Adhuhuri rakaa mbili, Alasiri mbili, Isha mbili. Ndugu zetu wa Geita mjini hawakufika hata nusu ya masafa hayo, wao walisali kamili. Mimi nikiswalisha, nikitoa salamu baada ya rakaa mbili, wao wanasimama kumalizia mbili zao. Watoto wakashangaa, nikawafundisha. Nikawaambia: tazameni huruma ya Mola wenu, ameona uchovu wa safari, akapunguza mzigo katika nguzo kubwa ya dini.

Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Yaweke akilini maneno hayo.

Jumamosi baada ya Alfajiri nilitoa darsa pale mchangani kuhusu kuunga udugu. Jumapili nikatoa nyingine, kuhusu kuyatafakari maumbile ya Mwenyezi Mungu. Nyumba ile ilielekea ziwa kwa upande wa Qibla, na Qibla chetu huku ni kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo. Jua linachomoza, mitumbwi ya wavuvi inarudi, mimi nazungumza. Waliokuwa wananisikiliza ni wanaume na vijana wa kiume. Sikujiuliza wanawake wako wapi. Nilijua wako wapi. Walikuwa wanawasha moto wa chai.

Jumapili usiku baada ya Isha nilikwenda nyuma kuomba maji ya moto ya kumkanda mama miguu. Nikamkuta mdogo wangu wa kike amechuchumaa, anasugua sufuria kwa majivu, simu yenye tochi ameibana begani. Kwa kutaka kumfurahisha nikamwambia: "Umeliona ziwa lilivyotulia leo? Mashallah."

Hakuinua kichwa. Akasema: "Kaka, mimi ziwa hili nimelisikia tu. Sijaliona."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Tangu Ijumaa jioni, yeye na wake wa wadogo zangu watatu walikuwa kwenye banda lile. Chai ya watu 26, vyombo, chakula cha mchana, vyombo, nguo za watoto, chakula cha usiku, vyombo. Na muda waliokuwa nao, sisi wanaume tumeujaza ufukwe, tumevua mashati, hawawezi kusogea majini. Amesafiri kutoka Mwanza, ameacha jiko lake la gesi ndani ya nyumba, amekuja kupika kwa kuni kwenye moshi, halafu likizo hiyo tunaiita ya familia.

Ndugu yangu, nililala vibaya usiku ule. Nilikuwa nafikiria jambo moja. Mwenyezi Mungu, Mwenye haki ya kuabudiwa, amempunguzia msafiri rakaa mbili katika haki Yake Mwenyewe. Mimi, mja, sikumpunguzia dada yangu hata sufuria moja. Tumechukua rukhsa ya safari kwa miguu yetu, tukawanyima wanawake wetu kwa mikono yao. Wao waliswali rakaa mbili kama sisi, kisha wakarudi kwenye kazi mara tatu ya ile ya nyumbani.

Hili ndilo ninalotaka kukwambia leo. Mapumziko ya ukoo yasipimwe kwa uzuri wa ufukwe wala wingi wa picha. Yapime kwa yule aliyepumzika kidogo kuliko wote. Kama kuna mtu mmoja aliyerudi amechoka ili wengine warudi wamepumzika, na hakuulizwa, basi hapo pana dhulma, hata kama darsa ilitolewa asubuhi.

Utaniambia: Shehe, kupika si kazi ya mwanamke? Nakujibu kwa elimu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, kupika na kufua si wajibu unaomlazimu mke kwa mkataba wa ndoa. Akifanya, ni wema wake na ana malipo makubwa. Wapo wanazuoni wengine waliosema ni wajibu kwa mujibu wa ada na desturi njema, na kauli yao ina uzito, siipuuzi. Lakini hata ukiichukua kauli hiyo, ni haki ya mume wake kwa wema. Haimfanyi mke wa mdogo wako kuwa mpishi wako wewe, na watoto wako sita, na rafiki yako uliyemwalika bila kuuliza. Na dada yako je? Huyo hana hata mkataba na wewe. Ana damu, na damu inadai kumpumzisha.

Kisha mtazame Mtume wetu (S.A.W.). Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuihudumia familia yake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Hadithi hii iko kwa Bukhari. Mimi na wewe tumeikariri nusu ya pili, ile ya kutoka kwenda kuswali.

Na ipo hadithi ya Anas (R.A.) kwa Bukhari na Muslim ambayo inahusu safari hasa. Masahaba walikuwa safarini siku ya joto kali, baadhi wamefunga na baadhi hawakufunga. Walipotua, waliofunga wakaanguka kwa uchovu. Wasiofunga ndio waliosimama, wakajenga mahema, wakanywesha wanyama maji. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa siku ile wasiofunga ndio walioondoka na malipo. Tafakari, ndugu yangu. Saumu, ibada tukufu, na bado malipo ya siku ile yakaenda kwa waliobeba kazi ya wenzao. Basi asubuhi ile ya Jumapili pale Nungwe, malipo yalikuwa kwa mtoa darsa au kwenye banda la moshi? Mungu ndiye Mjuzi, lakini mimi nina hofu yangu.

Jumatatu baada ya Alfajiri sikutoa darsa. Nikawaambia wanaume: leo sisi ndio jiko. Mdogo wetu mchimbaji akacheka, akadhani ni mfano wa mawaidha. Nikamkabidhi shoka la kupasulia kuni. Mimi niliosha vyombo vya jana. Shemeji yetu, mume wa dada, alisonga ugali wa watu 26, na sitaficha, ulikuwa na mabonge. Sato walizidi chumvi. Hakuna aliyekufa. Mama alikula, akasema baba yetu angekuwa hai angetuonea huruma.

Kuanzia saa kumi alasiri, wanaume wote na vijana waliobaleghe tulihamia nyuma ya nyumba, tukawaachia wanawake ufukwe mpaka karibu na Magharibi. Waliingia majini na mavazi yao ya stara, wamejiachia, hakuna jicho la shemeji. Mama alishikwa mikono akakalishwa pale maji yanapofika miguuni. Sisi tuko kwenye banda, tunapuliza moto, macho yanatoka machozi, tunawasikia wanacheka. Sasa ikawa zamu yetu kulisikia ziwa bila kuliona.

Kabla hujakodi nyumba na ukoo wako, chukua mambo haya manne.

Kwanza, kazi igawanywe kabla ya kupanda gari. Andika kwenye kundi la familia: asubuhi wanapika kina nani, usiku nani, vyombo nani, nani anaangalia watoto majini. Wanaume wawekwe kwenye orodha kwa majina. Usiseme "tutasaidiana", kwa sababu tutasaidiana ikifika huko inageuka kuwa wao. Mkiwa na uwezo, mlipeni mama wa kijiji kile awapikie mlo mmoja, naye apate riziki.

Pili, fedha. Nyumba ile ilikuwa shilingi 150,000 kwa usiku, na mchimbaji wetu alilipa zote. Mungu amzidishie. Lakini Jumamosi ulizuka ubishi wa chumba chenye mlango, neno likamponyoka: "Mimi ndiye niliyelipa." Kimya kikaingia. Kaka yetu mkulima, aliyekuja na kuku wawili na gunia la mchele, aliinuka akatoka nje. Qur'ani katika Surat Al-Baqarah imetuonya kwamba masimbulizi na maudhi yanabatilisha sadaka. Laki sita za halali, zikakaribia kuchomwa na maneno matatu! Nilimwita pembeni, na mwenyewe alikwenda kumwomba radhi kaka yake kabla ya Magharibi. Dawa yake ni ile ya Ash'ari, watu wa Abu Musa (R.A.). Chakula chao kilipopungua walikuwa wanakusanya walicho nacho kwenye nguo moja, kisha wanagawana sawa kwa chombo kimoja, na Mtume (S.A.W.) akawasifu kuwa wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Bukhari na Muslim. Kikiisha kuingia kwenye nguo moja, hakuna anayejua ngumi ya nani ilikuwa kubwa. Mwenye laki sita ameleta, mwenye gunia ameleta, na mama alileta michembe aliyoianika mwenyewe. Msiitaje tena.

Tatu, faragha. Nyumba ya pazia si nyumba ya mchezo. Surat An-Nur aya ya 58 imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa ndani waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya Alfajiri, mchana watu wanapopunguza nguo, na baada ya Isha. Wafundishe watoto kabla ya safari. Wa kiume na wa kike waliofika miaka kumi watenganishwe malazi. Na shemeji ni shemeji. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu ndugu wa mume kuingia kwa mke wa nduguye, alimfananisha na mauti, na hadithi ni sahihi. Asibaki mtu na mke wa ndugu yake peke yao nyumbani eti wengine wako majini. Sisi tuliweka wanawake na watoto wadogo vyumbani, wanaume tukalala sebuleni na barazani kwenye mikeka, chini ya vyandarua. Mgongo uliuma. Heshima ilibaki.

Nne, maji yenyewe. Ziwa si bahari. Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye majani ya maji yaliyotulia, na hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Epukeni penye magugu, na mkirudi mkaona homa, maumivu ya tumbo au damu kwenye choo, nendeni zahanati mpime, dawa ipo. Ulizeni wenyeji kuhusu mamba na kiboko kabla mtoto hajatia mguu. Mtoto asiingie majini bila mtu mzima aliyekabidhiwa kwa jina, kwa sababu mtoto wa wote huzama mbele ya wote. Mkipanda mtumbwi, msijazane. Kanda yetu haijasahau MV Bukoba ya Mei 1996 wala MV Nyerere ya Septemba 2018. Na mtu asijisaidie ziwani. Mtume (S.A.W.) amekataza hilo kwenye maji yaliyotuama na mahali watu wanapochota, na sisi tunajua leo kwamba kichocho kinazunguka kwa njia hiyohiyo.

Wapo ndugu zangu watakaosema: Shehe, unatuhimiza anasa, haya ni mambo ya wazungu. Nawaheshimu, lakini nawauliza: Mtume (S.A.W.) hakushindana mbio na Bibi Aisha safarini, mara ya kwanza akashindwa, mara nyingine akashinda, kama alivyopokea Abu Dawud? Hakumtuliza Hanzala (R.A.) aliyedhani amekuwa mnafiki kwa sababu anacheka na watoto wake? Starehe ya halali na jamaa zako si anasa. Anasa ni kukopa ili upige picha. Kama huna fedha ya nyumba ya ziwani, kusanya ukoo wako chini ya mwembe wa mama yako siku mbili, kwa ugali na mlenda. Hukumu ni ileile na mgawanyo wa kazi ni uleule.

Tuliporudi, mdogo wangu wa Mwanza alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema: "Kaka, mwakani nitakuja. Nilikuwa nimeapa sitakuja tena." Nikausikiliza mara tatu. Tulikuwa tumekaribia kukata udugu katika safari ya kuunga udugu, na mimi imamu nilikuwa pale natoa darsa.

Basi wewe unayesoma, kabla hujaweka picha ya familia yako ufukweni, itazame vizuri. Nani hayumo? Mara nyingi yupo nyuma, jikoni. Nenda kamwite. Ukimkuta ana sufuria mkononi, ipokee wewe.

Ewe Mola wetu, wape umri wenye afya mama zetu, warehemu baba zetu waliotangulia, tuunganishe na jamaa zetu tukiwa hai kabla ya kutukutanisha makaburini, na usitujaalie kuwa watu wa kusema tusiyoyatenda. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.